Kodi ya miezi sita, marejesho ya kila siku na hesabu ya boda: majibu ya barua zenu za hela

Habari za huko majumbani wapendwa. Barua za mwezi huu nimezisoma zote, hapa nimezifupisha tu, na kuna kitu kimoja nimekiona kinajirudia kuanzia Mbagala mpaka Tegeta, watu wengi mnaoniandikia siyo wavivu wala siyo wafujaji, shida ni kwamba hela inaingia kwa tarehe zake na gharama zinakuja kwa tarehe zake, na hizo tarehe mbili hazijuani kabisa. Unapata kila siku, mwenye nyumba anataka kwa miezi sita. Unalipwa mwisho wa mwezi, daladala inataka leo asubuhi. Kwahiyo karibu majibu yangu yote leo yanarudi hapo hapo, mtanisamehe kama nitajirudia, hili jambo naliamini na nimelipitia mwenyewe.

*Dada habari. Mi ni mama lishe hapa Buguruni, nina watoto wawili wanasoma shule ya msingi ya serikali, baba yao yuko mkoani na kwa sasa hatumi kitu. Biashara siyo mbaya, kwa siku nauza mpaka elfu 85, lakini kodi ikifika ile ya miezi sita nakuwa sina hata laki mkononi. Mwezi wa 3 nilikopa laki mbili kwa shoga yangu ndo mwenye nyumba akanielewa. Mi sina anasa, nguo nanunua sikukuu tu, najiuliza hii hela inaenda wapi mpaka nahisi kuna mtu kanichezea. Nisaidie dada. Mama lishe, Buguruni.*

Dada yangu hakuna aliyekuchezea. Nimefurahi kwenye barua yako ukaniorodheshea manunuzi maana wengi huwa hawaandiki, ngoja tuyapange hapa. Mchele, unga, maharage, samaki na mboga elfu 46, mafuta na viungo elfu 6, mkaa elfu 5, maji buku, binti anayekusaidia elfu 5. Hiyo ni elfu 63. Ukitoa kwenye 85 inabaki 22. Sasa angalia kilichotokea, ww kichwani kwako ni mtu wa elfu 85 kwa siku, na jioni unapofunga ukishika ile hela mkononi ni nene kweli, mtoto akisema viatu vimetoboka unachomoa, jirani amefiwa unachomoa, lakini mle ndani elfu 63 siyo zako, ni za mchele wa kesho. Ukizigusa, kesho unapunguza kilo, ukipunguza kilo chakula kinaisha saa 7 mchana wateja bado wanakuja, wanahamia kwa mwenzio.

Marehemu mama yangu alikuwa anauza vitumbua Tandika na benki hakuwahi kuingia maisha yake yote. Alikuwa na mafundo mawili. Pindo la khanga aliyojifunga kiunoni lilikuwa na fundo la mtaji, hela ya mchele wa kusaga, nazi na mafuta, na pindo la khanga ya juu aliyojitanda lilikuwa na fundo la nyumbani. Anafungua la juu tu mbele yetu. Nikiwa darasa la 5 nilimuomba hela ya daftari, fundo la juu lilikuwa tupu na la chini naliona limevimba, akanambia subiri kesho mwanangu nikishauza. Nililia sana siku ile, niliona mama ana roho mbaya. Kesho yake saa 4 akaniita akafungua la juu akanipa hela yangu ya daftari na ya kalamu juu. Nimekuja kumuelewa nilipofungua kibanda changu mwenyewe na kukifunga baada ya miezi minne kwa sababu mi nilikuwa na fundo moja.

Kwahiyo cha kwanza, tenga hela kwa macho, isiwe kichwani tu. Wateja wanaolipa kwa simu waambie walipie kwenye Lipa Namba na hiyo iwe ya mtaji peke yake, usiitumie kununulia LUKU ya nyumbani. Za taslimu weka pochi mbili za rangi tofauti. Kabla hujaondoka hapo kibandani, hesabu 63 ingia pochi ya kazi, hata kama siku ile umeuza 70 tu, kwanza jaza ya kazi.

Cha pili ni kodi. Umesema chumba na sebule elfu 80 kwa mwezi, miezi sita ni laki 4 na 80. Ww unafanya kazi siku 26 kwa mwezi, miezi sita ni siku 156. Gawanya. Inakuja elfu 3 na kidogo kwa siku. Mi nakwambia weka 3,500 ili siku unaumwa au mvua imenyesha hujatoka isikuumize, ukiweka zote 156 unakuwa na laki 5 na 46, kodi imetoka na chenji ipo. Halafu Januari, najua elimu msingi haina ada tangu 2016 lakini sare, viatu, madaftari na michango ya chakula vipo, umesema kwa watoto wote wawili inafika kama laki 2 na 40, hiyo kwa mwaka mzima ni kama mia 8 kwa siku. Jumla 4,300. Kwenye 22 yako bado una 17 na mia 7 za kula, maji, umeme na dharura ndogo ndogo.

Unaona dada, ile laki 4 na 80 inayokutisha usiku ni 3,500 ya leo, bei ya sahani moja na nusu ya wali samaki pale kwako. Kila siku kuna sahani moja na nusu ambayo ni ya mwenye nyumba, muuzie halafu hela yake weka kando. Usiiweke ndani ya godoro maana utaichomoa, tafuta mahali ambapo kuitoa kunakusumbua kidogo, kibubu cha chuma kisicho na mlango au laini nyingine ya simu ambayo namba ya siri anaijua dada yako. Na uongee na mwenye nyumba mapema, wapo wengi wanaokubali miezi mitatu mitatu ukiwafuata kabla ya tarehe, ukiwafuata umeshachelewa hawakusikilizi tena.

Ile laki mbili ya shoga yako umlipe, hata kama ni elfu 10 kila Jumamosi. Umlipe kabla hajakuuliza.

*Shikamoo anti. Nina miaka 27, nimeajiriwa mwaka wa pili sasa, mshahara wangu ni laki 8 lakini tarehe 10 nakuwa nimekata kabisa, naanza kuazima nauli kwa wenzangu ofisini. Nakaa Tabata, sina mke wala mtoto. Namtumia mama Korogwe elfu 50. Kinachoniua ni michango, saa hizi niko kwenye magrupu manne ya harusi na send off, kadi moja single laki, na nikikaa kimya wananitaja kwenye grupu. Nifanyeje anti? Kijana wa Tabata.*

Marahaba mwanangu. Kwanza acha kusema mshahara wako ni laki 8, hebu toa salary slip tuisome pamoja. NSSF asilimia 10 inakatwa elfu 80, inabaki laki 7 na 20. Kodi ya mapato inapigwa kwenye hiyo 720, laki 2 na 70 ya kwanza haikatwi kitu, kuanzia hapo mpaka laki 5 na 20 ni asilimia 8 ambayo ni elfu 20, na laki 2 ya juu yake ni asilimia 20 ambayo ni elfu 40, jumla elfu 60. Halafu umesema ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, elfu 120. Kinachoingia benki ni laki 5 na 40.

Huyo ndo ww, mtu wa laki 5 na 40. Hakuna aibu hapo, mi nimelea watoto na kidogo kuliko hicho. Lakini ahadi zako kwenye magrupu unazitoa kama mtu wa laki 8 na tofauti ya laki 2 na 60 inalipwa na tumbo lako kuanzia tarehe 10. (Hiyo ya NSSF siyo hela iliyopotea, ni yako ya uzeeni na mwajiri naye anaweka ya kwake, kila baada ya miezi michache hakikisha inaingia kweli, wako waajiri wanaokata halafu hawapeleki na mfanyakazi anakuja kujua siku anaacha kazi.)

Tupange. Chumba laki, iweke pembeni kila mwezi hata kama unalipa kwa miezi sita. Mama 50. Nauli ya kwenda na kurudi buku na mia mbili, siku 22, haifiki elfu 30. Chakula laki na nusu kama asubuhi na jioni unapika mwenyewe na mchana unakula kwa mama lishe. Umeme, maji na bando elfu 30. Hiyo ni laki 3 na 60. Imebaki laki 1 na 80, na humo ndimo akiba inatakiwa itoke, elfu 60, iondoke siku ile ile mshahara unapoingia, nenda benki uwaelekeze wahamishe wenyewe kwenda akaunti nyingine ambayo haina kadi. Ukisubiri uone kitakachobaki tarehe 30 hakitabaki kitu, sijawahi kukutana na mtu kilichombakia.

Sasa michango. Mi sitakwambia usichange, hapa Dar ukiuguliwa au ukifiwa watakaokuja na mkeka na sufuria ni hao hao wa kwenye magrupu, na ww siku yako itafika utahitaji kamati. Nachosema ni kwamba michango iwe na fungu lake kama kodi ilivyo na fungu lake. Elfu 40 kwa mwezi, kwa mwaka ni laki 4 na 80, hiyo siyo hela ndogo, ni hela ya mtu anayewajali watu. Andika majina ya wenye shughuli kwenye karatasi. Wa kwanza ni damu yako na wale waliokuja msibani kwenu, hao wape vizuri. Wa pili ni mnaofanya kazi meza moja. Wengine ni watu ulioongezwa kwenye grupu kwa sababu namba yako ilikuwa kwenye simu ya mtu, hao wape baraka na kama ipo elfu 10 uwape.

Wanachokutaja kwenye grupu ni ukimya wako, kiasi huwa hawakisemi sana. Kwahiyo usikae kimya, mwandikie mweka hazina pembeni, siyo kwenye grupu, hivi: "Habari ndugu mweka hazina. Nashukuru kwa kunishirikisha. Mchango wangu kwenye shughuli hii ni elfu 30, nitautuma tarehe 27 mshahara ukiingia. Nawaombea kila la heri." Halafu tarehe 27 tuma. Mtu anayesema 30 akatuma 30 kwa tarehe aliyosema anaheshimika kwenye kamati kuliko anayeahidi laki na nusu halafu anazima simu wiki ya shughuli, nimekuwa mweka hazina wa kamati tatu, najua tunavyowaongelea watu.

*Dada naomba usiandike jina langu. Nimezama kwenye mikopo na mume wangu hajui. Nilianza na kausha damu ya laki 3, narejesha elfu 13 kila siku kwa siku 30. Nikashindwa, nikachukua ya kwenye simu, wameandika elfu 50 lakini imeingia 35 na baada ya siku 7 wanataka 50 yao. Nikachukua ya pili kulipa ya kwanza. Sasa wanawatumia meseji ndugu zangu na mpaka mwalimu wa mtoto kwamba mimi ni tapeli. Pia nadaiwa laki 2 vikoba na elfu 46 kwa Mangi. Kuna asubuhi naona bora nisiamke. Mama wa Gongo la Mboto.*

Mama, hii barua yako niliisoma nikaiweka chini nikatoka nje kwanza. Naanza na ile sentensi ya mwisho maana ndo kubwa kuliko deni. Leo hii, kabla ya kushika kalamu na karatasi, tafuta mtu mmoja umwambie kwa mdomo kwamba kuna asubuhi unaona bora usiamke. Dada yako, mama mkwe kama mnaelewana, mama mchungaji au shehe wa mtaani, nesi wa kwenye kituo cha afya. Hela zote ulizoandika hapo hazifiki thamani ya kidole chako kimoja. Mi mwenyewe nilishakopa ya namna hiyo mama alipokuwa amelazwa, yule kijana wa marejesho alikuwa anafika saa 2 asubuhi na daftari la kijani anakaa kwenye benchi la wateja mpaka nimpe elfu 12, nikawa nikisikia pikipiki tu tumbo linakata. Yaliisha. Na ya kwako yataisha.

Sasa twende kwenye karatasi. Ile ya laki 3 utarudisha laki 3 na 90, yaani asilimia 30 ndani ya mwezi mmoja. Ile ya simu umepokea 35 unadaiwa 50, nyongeza ni elfu 15 juu ya 35, zaidi ya asilimia 40 ndani ya wiki. Hiyo ya simu inaonekana ndogo kumbe ndo inayokula haraka kuliko zote, na ukikopa nyingine kuilipa unaizalisha. Kwahiyo amri ya kwanza ni moja tu, kuanzia leo hakuna mkopo mpya wa kulipa mkopo, hata wa elfu 5.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni na kuzipiga marufuku. Angalia kama hiyo yako ni moja wapo, na kokote unapotaka kukopa angalia kwanza kama ana leseni ya Benki Kuu, orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yao. Halafu hilo la kuwatumia meseji ndugu zako na mwalimu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume yake kabisa ya kupokea malalamiko. Piga picha kila meseji, mwambie na mwalimu akutumie aliyoipokea, usifute hata moja, nenda nazo polisi na peleka malalamiko kwenye Tume na Benki Kuu. Ingia kwenye simu uizuie hiyo programu isisome majina ya watu wako. Sisemi usirudishe ulichopokea, nasema deni halimpi mtu ruhusa ya kukuvua nguo mbele za watu.

Mpangilio wa kulipa mi naupanga hivi. Za simu kwanza, zifunge kwa kile ambacho kinaweza kuuzika ndani, simu ya pili, redio, kitenge ambacho hujakishona, kuuza kunauma lakini hizo za simu ndo zinazotafuna. Kausha damu nenda ofisini kwao, usisubiri waje, beba mtu mzima wa kukaa nawe, waambie ninaweza elfu 6 kwa siku kwa muda mrefu zaidi na riba isiongezeke, wakikubali iandikwe na isainiwe, ikiwezekana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Wengi wao wanapendelea 6 ya uhakika kuliko 13 ya kukimbizana. Vikoba nenda siku ya kikao ujieleze mwenyewe kabla hawajakujadili, una hisa pale na vikundi vingi vina nafasi ya kumsogezea mwanachama muda. Mangi mpe elfu 5 wikiendi hii na uache kuandikisha, nunua unachoweza kulipa. Na kama kuna mtu amekushikilia kadi ya benki na namba ya siri kama dhamana, kesho asubuhi nenda benki uifunge kadi uchukue nyingine, deni liko palepale mtaongea, lakini kadi yako siyo yao.

Mume wako mwambie. Najua hofu yako. Usimwambie usiku wala akiwa anatoka kazini na njaa, na usimwambie kwa mafumbo, mpe ile karatasi yenye madeni yote na mpango wa kulipa chini yake, usifiche hata ile 46 ya Mangi maana akija kuigundua baadaye hataiamini karatasi nzima. Kama ni mtu wa mikono, usiwe peke yako, mwite mshenga wenu. Na uniandikie tena mwezi ujao mama, nitaisubiri barua yako.

*Anti shikamoo, mi ni dereva boda kijiwe cha Mwenge. Nilikuwa nimechukua pikipiki ya mkataba, nilikuwa napeleka hesabu elfu 10 kila siku, nashukuru Mungu mwezi uliopita nimemaliza na kadi ya pikipiki nimeshapewa. Sasa washkaji wananambia ninunue kiwanja Chanika kwa mafungu, wengine wanasema UTT, wengine niongeze pikipiki ya pili kwa mkataba tena. Unanishauri nini? Boda, Mwenge.*

Marahaba, na hongera sana baba, siyo wengi wanaofika mwisho wa mkataba. Jibu langu ni fupi, endelea kupeleka hesabu. Ile ile elfu 10, kila siku, muda ule ule, ila sasa bosi ni ww. Mwili wako na akili yako vimeshazoea kuishi bila hiyo elfu 10, ukiiachia miezi miwili tu itazoea kuliwa na hutajua imeenda wapi. Kwa siku 26 ni laki 2 na 60 kwa mwezi, kwa mwaka milioni 3 na laki 1 na 20.

Ya kwanza miezi mitatu iwe ya dharura na ya pikipiki yenyewe, oil, tairi, cheni, bima, maana hiyo pikipiki ndo shamba lako na imeshakuwa nzee kidogo, ikilala gereji wiki mbili huna kitu. Baada ya hapo UTT AMIS, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, siyo wazo baya, ule mfuko wa Ukwasi unanunua vipande hata kwa simu na ukitaka hela yako inatoka ndani ya siku 3 za kazi, faida inategemea mfuko unavyokwenda kwahiyo usikubali mtu akuahidi kiwango. Ukiweka benki nako, amana yako ina bima mpaka milioni 7 na nusu kama benki ikianguka. Ukija kufika milioni moja ambayo huihitaji kwa miaka mingi, hapo hatifungani ya serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, unaweza kuanza kuiulizia, kianzio chake ndo hiyo milioni na riba yake inalipwa kila miezi sita, uzuri ni kwamba kodi ya nyumba nayo ni miezi sita.

Kiwanja usinunue kwa washkaji kijiweni. Nenda mwenyewe serikali ya mtaa, nenda halmashauri uulize kama kimepimwa na ni cha nani, hapa Dar kiwanja kimoja kinaweza kuuzwa kwa watu watatu na wote wana karatasi. Pikipiki ya pili subiri, ukijua nani ataiendesha ndo uniulize tena. Na yeyote atakayekuja kijiweni na ile ya weka laki upate laki mbili baada ya mwezi, mkumbushe wazee wanavyosimulia ile DECI, ya kupanda mbegu na kuvuna, iliyofungwa 2009, watu waliuza mpaka mabati.

*Dada, tumeanzisha mchezo watu 12, elfu 20 kila wiki. Kijumbe ananipa zamu ya 12, ya mwisho. Naona kama nadhulumiwa, nikatae? Msomaji, Kimara.*

Hudhulumiwi moja kwa moja, wa kwanza amepewa mkopo usio na riba na wa mwisho anakuwa anaweka akiba kwa wenzake, ila wa mwisho ndo anayebeba hatari ya watu kukimbia wakishapokea. Kwahiyo jiulize vitu viwili. Je wote 11 unajua wanakokaa? Kama kuna hata wawili ambao unawajua kwa jina la WhatsApp tu, usikubali ya mwisho, na mwambie kijumbe kila anayepokea mapema awe na mdhamini humo humo ndani ya mchezo na iandikwe kwenye daftari. La pili, hela unaitaka ya nini na lini? Ukipokea unashika laki 2 na 40. Umesema ada ya chekechea ya mtoto inatakiwa wiki ya 9. Basi usigombanie ya kwanza, ukiipata wiki ya 1 itakuwa imeisha kabla ada haijafika. Muombe kijumbe akubadilishie zamu na mtu wa zamu ya 8, wiki moja kabla, upokee Ijumaa, na Jumatatu asubuhi uko shuleni na risiti.